Ngumi Inayosukuma na Ngumi Inayopiga: Kisa cha Mwanafunzi Mwenye Nguvu Ambaye Ngumi Zake Hazikuwa na Uzito

## Usuli

Mwanafunzi wa kisa hiki nitamwita S. Kila kinachoweza kumtambulisha nimekiondoa. Inatosha kujua kwamba alikuwa mtu mzima mwenye kilo 70 hivi, aliyefanya karate kwa miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye mapigano ya ngumi na mateke, na kwamba alitufikia akiwa tayari ana nguvu za kutosha. Chuma cha kilo 140, yaani mara mbili ya uzito wake, alikinyanyua kutoka sakafuni bila mgongo kupinda. Pushapu alipiga hadi wenzake wakaacha kumhesabia.

Malalamiko yake yalikuwa mafupi: "Mwalimu, napiga lakini hawasikii." Katika sparingi, yaani mapigano ya mazoezi, wapinzani walizipokea ngumi zake na kuendelea kusonga mbele, hata waliokuwa wepesi kuliko yeye. Alipiga kwa hasira, akachoka mapema, na kufikia raundi ya pili mikono ilikuwa imeshuka.

Kabla ya kuja kwetu alishauriwa na wenzake aongeze chuma cha kifua, aongeze pushapu, na apige ngumi hewani huku ameshika vyuma vidogo mikononi. Ushauri huu wa mwisho umeenea sana na unafaa kupingwa waziwazi. Chuma mkononi huvutwa kwenda chini, ilhali ngumi inakwenda mbele. Kinachozoezwa hapo ni bega kuubeba mkono usianguke, na mwili hujifunza kupiga polepole. S. aliufuata kwa miezi kadhaa. Alipotufikia mabega yake yalikuwa yamekakamaa na ngumi yake ilikuwa nzito kutoka.

## Tulichokiona mwanzoni

Hatukuwa na kifaa cha kupima nguvu ya pigo, na sehemu nyingi za mazoezi hazina. Tulitumia vitu vitatu vinavyopatikana kwa urahisi.

Cha kwanza kilikuwa begi lenyewe, lile zito linaloning'inizwa kwa kupigwa ngumi. S. alipopiga, begi liliondoka zima likapaa kwenda nyuma, kisha likarudi na kumfuata. Watu waliokuwa pembeni walivutiwa. Lakini begi linaloyumba sana limesukumwa. Begi lililopigwa hujikunja pale pigo lilipotua, hutetemeka, hutoa mlio mfupi mzito, na haliendi mbali.

Cha pili kilikuwa mpira mzito wa kilo 4. Tulimketisha sakafuni, mgongo ukiwa ukutani, akaurusha mbele kutoka kifuani. Kisha akasimama katika mkao wake wa kupigana, akaurusha akiwa huru kutumia miguu na kiuno. Mtu anayejua kutumia miguu hurusha mbali zaidi akisimama, kwa tofauti inayoonekana kwa macho. Kwa S. tofauti haikufika hata nusu mita. Alipopewa miguu hakujua aifanyie nini.

Cha tatu kilikuwa video ya simu ya fremu 240 kwa sekunde, ambapo kila fremu ni kama milisekunde 4. Tuliitazama fremu moja baada ya nyingine tukiwa naye. Ngumi ya mkono wa nyuma, ulio upande wa mguu wa nyuma, ilianza kuondoka huku nyonga zimetulia. Ikasafiri. Ikagusa begi. Fremu chache baada ya kugusa, nyonga ndiyo ikaanza kugeuka. Kisigino cha nyuma hakikunyanyuka kabisa. Goti la mbele, lililopaswa kuwa imara wakati wa kutua, lilikuwa linakunjika. Bega lilipanda karibu na sikio tangu mwanzo, na vidole vilikuwa vimekunjwa kwa nguvu kabla mkono haujaondoka kidevuni.

Kisigino kilichoganda kilitokana na mazoezi yake ya zamani. Mitindo kadhaa ya karate hufundisha ngumi ya kinyume, yaani ya mkono wa nyuma, kisigino kikiwa chini. Mtindo wenyewe si tatizo, kwa sababu humo pia nyonga hugeuka na huongoza. S. alikuwa amebaki na umbo la nje tu, wayo chini na mkono mwingine ukirudi kiunoni, huku mzunguko wa ndani ukiwa umepotea.

Kiasi cha hasara hiyo kinaweza kukisiwa kutokana na uchunguzi wa Kisovieti wa Filimonov na wenzake, uliochapishwa miaka ya 1980. Waliangalia jinsi miguu, kiwiliwili na mkono vinavyochangia ngumi iliyonyooka. Kwa mabondia wa daraja la juu msukumo wa mguu ulichangia takriban asilimia 38 na mkono asilimia 24. Kwa wa daraja la chini mguu ulichangia asilimia 16 au 17 tu, na mkono 38. S. alikuwa upande wa pili, tena pembezoni kabisa.

## Uamuzi wa kwanza: kutoongeza chuma

Njia iliyokuwa rahisi ni kumpa programu nzito zaidi, na yeye mwenyewe ndiyo aliyoitaka. Tuliikataa, kwa sababu ambayo mtu mwenye bidii huona ugumu kuikubali. Misuli huchukua zaidi ya milisekunde 300 kufikia nguvu yake ya juu kabisa, na ngumi ya haraka haikupi muda huo. Aliyekwisha kuwa na nguvu nyingi akiongeza nyingine, nyongeza hiyo hubaki jimuni. Tena nguvu ya S. ilikuwa inapotea njiani kati ya sakafu na ngumi. Kuiongeza kungekuwa kumwaga maji zaidi kwenye ndoo iliyotoboka.

Tulipunguza chuma hadi mara moja kwa wiki, kiasi cha kulinda alichonacho. Vyuma vidogo vya mkononi tuliviondoa kabisa. Tulifikiria pia kumwacha aendelee na raundi nyingi za begi huku tukimsahihisha, tukaona haifai. Begi humtuza anayesukuma, kwa kuwa likipaa anadhani amefanya jambo.

## Mguu na nyonga

Mazoezi ya mwanzo hayakuwa na ngumi hata moja. Mikono ilikunjwa kifuani, mguu wa nyuma ukasukuma sakafu, nyonga ikageuka, goti la mbele likakaza, mwili ukasimama ghafla. Hapo kwenye kusimama ndipo watu wengi hawapapi umuhimu. Mguu wa mbele ukijikunja, mwili mzima huendelea kuteleza mbele na kasi hugawanyika. Ukikaza, nyonga ya upande huo husimama, ile nyingine huzunguka kwa kasi zaidi, na bega hufuata.

Siku za mwanzo tulimwambia "zungusha kisigino", kama wanavyofanya makocha wengi. Akazungusha, na vizuri kwa macho. Mpira mzito haukwenda mbali zaidi hata kidogo. Tulipopunguza kasi ya video tukaona anazungusha wayo bila kuikandamiza sakafu, yaani mguu unageuka huku hauna mzigo. Kisigino hugeuka kwa sababu mguu umesukuma na nyonga imekwenda. Ni matokeo ya msukumo, na mtu anaweza kuyaigiza bila kusukuma chochote. Neno likabadilika kuwa "sukuma sakafu kwa mzizi wa kidole gumba", na kisigino hatukukitaja tena. Kilinyanyuka chenyewe.

Zoezi lililofungua mambo lilikuwa la mkanda. S. alifungwa mkanda wake wa zamani wa karate nyongani, na mwenzake akasimama nyuma akiwa ameushika bila kuuvuta, amefumba macho. Kazi ya mwenzake ilikuwa kusema kama mkanda umemvuta mkono kabla au baada ya kusikia mlio wa ngumi ya S. ikitua kwenye pedi, kile kito cha kupigia kinachoshikwa mkononi. Mara za mwanzo alijibu "baada" karibu kila pigo, na mara nyingine "sijasikia kitu". S. alishangaa, maana ndani ya mwili wake alihisi nyonga inatangulia. Waliendelea kwa nusu kasi, kila mara kabla ya mazoezi mengine, hadi majibu yakaanza kugeuka. Lililonipendeza ni kwamba aliyekuwa akitoa hukumu hakuwa kocha. Mkanda ulivuta au haukuvuta, na hapakuwa na cha kubishana.

## Mkono uliolegea

Nyonga ilipoanza kutangulia, bega likawa kikwazo kinachofuata. Mkono uliokazwa tangu mwanzo unapigana na wenyewe. Msuli wa kuunyoosha unasukuma huku wa kuukunja ukivuta, na kasi hufia hapo.

Mtafiti Stuart McGill na wenzake walichapisha mwaka 2010 vipimo vya misuli ya wapiganaji mahiri wa sanaa mchanganyiko za kupigana. Waliona misuli mingi ya kiwiliwili ikikaza mara mbili katika pigo moja. Inakaza kuanzisha mwendo, inalegea mkono unaposafiri, kisha inakaza tena karibu na mguso. Kulegea kwa katikati kunaruhusu kasi. Kukaza kwa mwisho kunaufanya mwili uwe kitu kimoja nyuma ya ngumi, badala ya mkono peke yake, ambao hubeba takriban asilimia 5 tu ya uzito wa mtu.

S. alikuwa na mkazo mmoja mrefu usiokatika. Tulimfanya apige pedi kiganja kikiwa nusu wazi, vidole vifungwe zikiwa zimebaki sentimita chache, pamoja na pumzi fupi kali ya kutoka. Pumzi ilisaidia kuliko nilivyotarajia. Aliyekuwa akibana pumzi kutoka mwanzo hadi mwisho wa mfululizo sasa alikuwa na alama ya kumwambia ni lini akaze, na mwili ukalegea kabla yake.

Idadi ya ngumi ndiyo iliyoleta ubishi. Tulimpa ngumi tatu au nne za nguvu zote, kisha mapumziko ya dakika mbili hadi tatu. "Mwalimu, hata jasho halijatoka," alisema, na akataka aruhusiwe kujaza mapumziko kwa pushapu. Hatukumruhusu. Akiba ya nishati inayotumika kwa pigo la nguvu zote huisha ndani ya sekunde chache na huhitaji dakika kadhaa kujazwa. Anayepiga akiwa amechoka anajizoeza kupiga polepole. Mazoezi ya ustahimilivu yaliendelea, lakini mwishoni mwa kipindi au siku nyingine.

## Mkono wauma

Mabadiliko yalipoanza kuonekana begini, S. alifurahi kupita kiasi. Akaanza kubaki baada ya wenzake kuondoka, akipiga begi kwa nguvu zote, siku nyingine bila bandeji za mikono. Baada ya muda si mrefu alikuja na maumivu juu ya kiganja, pale mifupa mirefu ya kidole cha shahada na cha kati inapoungana na mifupa midogo ya kifundo cha mkono. Kulikuwa na uvimbe mdogo, na maumivu yaliongezeka alipokunja ngumi na kuikandamiza mezani.

Begi likasimamishwa siku hiyohiyo. Alikwenda kwa daktari, picha ya eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika, akaelekezwa apumzishe mkono. Mazoezi ya mkanda yaliendelea mikono ikiwa kifuani, na kuruka pia. Mpira mzito uliwekwa kando hadi maumivu yakaisha.

Video ya zamani ilitupa sababu. Kiwiko chake kilikuwa kinafunguka nje mapema, kwa hiyo ngumi ilitua imeinama na vifundo vya vidole viwili vya mwisho vikigusa kwanza, na kifundo cha mkono kikakunjika. Ngumi ilipokuwa dhaifu, kosa hilo halikumdhuru. Ilipopata uzito, kosa lilelile likawa na gharama. Mkao huo ndio huvunja shingo ya mfupa wa kidole kidogo, jeraha linalojulikana sana kwa wapiga ngumi, na S. alikuwa na bahati halikumpata. Aliporudi begini alirudi na bandeji kila mara, glavu za aunsi 16, nusu ya nguvu, na sharti moja: kiwiko kibaki nyuma ya ngumi hadi theluthi ya mwisho ya safari, na vifundo viwili vikubwa ndivyo vitangulie.

## Chuma kurudi

Hapa nitapita haraka, kwa sababu jambo lenyewe halina siri. Mpangilio wa pigo ulipotulia, chuma kilirudi mara mbili kwa wiki: kizito kwa marudio machache, kikifuatwa na miruko yenye mzigo mwepesi na kurusha mpira ubavuni dhidi ya ukuta kwa kasi yote. Marudio yalikatwa pale kasi ilipoanza kushuka, hata kama mwili bado ulikuwa na uwezo wa kuendelea. Kifua hakikupewa kipaumbele. Mgongo, mapaja na misuli ya kuzuia kiwiliwili kisipinde ndivyo vilivyopewa.

## Shabaha inayosogea

Sparingi ilikuwa na habari nyingine. Begi lilikuwa linajikunja, wenye pedi walikuwa wakilalamika mikono, lakini wapinzani bado walimkwepa. Kabla ya kila ngumi nzito S. alirudisha mkono nyuma kidogo na kukaza uso. Aliyesimama mbele yake alipata taarifa mapema. Pia alikuwa anapiga akiwa mbali, ngumi ikifika shabaha huku kiwiko kimekwisha kunyooka, wakati kasi tayari inashuka.

Hatukumwambia aache kujiandaa. Tulimpa namna ya kujiandaa isiyoonekana. Akikwepa kichwa kuelekea upande wa mkono wa nyuma, uzito unakuwa tayari juu ya mguu wa nyuma na ngumi inaondoka kutoka hapohapo. Au mkono wa mbele unapiga kwanza, na kurudi kwake kunaizungusha nyonga. Umbali ulirekebishwa kwa kulenga sentimita chache ndani ya shabaha na kusogeza mguu wa mbele kabla ya ngumi.

Uamuzi mmoja haukujadiliwa: nguvu zote hazikuruhusiwa kwenye kichwa cha mwenzake mazoezini. Mapigo ya kichwa huumiza ubongo hata pale mtu asipoanguka, na hakuna kipimo cha maendeleo kinachostahili gharama hiyo. Nguvu zote zilikwenda kwenye pedi na kwenye kizibao cha kifuani cha kocha. Katika sparingi tuliangalia mambo mengine, yaani kama ngumi inafika, na mpinzani anafanya nini baada ya kuipokea mwilini.

## Matokeo

Mwisho wa kipindi uzito wa S. ulikuwa uleule, kilo 70 hivi. Tofauti ya mpira kati ya kukaa na kusimama ilizidi mita moja. Kwenye video nyonga ilianza kwanza, bega likafuata, ngumi ikaja mwisho, na goti la mbele lilisimama. Begi lilijikunja badala ya kupaa. Wapinzani waliozoea kumwingilia moja kwa moja wakaanza kusimama nje ya umbali wake na kumzunguka, na hilo hakuna aliyewaambia walifanye. Uchovu ulipungua pia, kwa kuwa hakuwa tena anakaza mwili mzima kwa raundi nzima.

Mambo mawili hayakufika. Mkono wa mbele ulibaki karibu pale ulipokuwa. Na katika raundi za mwisho, akichoka, bega lilipanda sikioni na kisigino kikaganda kama zamani.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni mpangilio wa kutafuta sababu kabla ya kutoa zoezi. Mpira wa kukaa na kusimama ulituonyesha kwa muda mfupi kwamba upungufu haukuwa kifuani. Bila kipimo hicho, malalamiko ya "sina nguvu" yangejibiwa kwa chuma, kama yalivyokuwa yamejibiwa kwa miezi. Ninaamini mabadiliko makubwa yalitokana na mguu na nyonga, si chuma kilichorudi baadaye, kwa sababu begi lilianza kujikunja na mkono ukaanza kuuma kabla chuma hakijaongezwa. Maumivu yale, kwa ubaya wake, yalikuwa ushahidi.

Zoezi la mkanda lilifaulu kwa kumpa mwanafunzi taarifa asiyoweza kuipata ndani ya mwili wake. Maneno ya kocha yalikuwa yameshindwa kwa sababu S. aliamini kwa dhati kwamba anafanya anachoambiwa. Anayemfundisha mtu mwenye mazoea ya miaka mingi atakutana na hali hii mara kwa mara, na kuongeza sauti hakusaidii.

Ngumi chache zenye mapumziko marefu zilifaulu pia, ingawa zilihitaji kutetewa kila wiki. Mazingira ya mazoezi husifia jasho. Mwanafunzi aliyekaa chini dakika tatu anaonekana mvivu, na wengine walimwambia hivyo.

Sehemu iliyokwenda vibaya zaidi ni mkono. Mfumo wa fahamu hujifunza mpangilio mpya haraka, ilhali kano na viungo vya mkono huchukua muda mrefu zaidi kuimarika. Pigo likiongezeka uzito ghafla, kiungo kilichokuwa kikipokea mzigo mdogo hupokea mkubwa kabla hakijawa tayari. Katika kisa kama hiki, ukaguzi wa kiwiko na kifundo unapaswa kutangulia ule wa nyonga, ingawa nyonga ndiyo yenye faida kubwa, na idadi ya mapigo ya begi ipunguzwe wiki ambazo pigo linaongezeka. Kusisitiza bandeji peke yake hakungetosha, kwa sababu bandeji hukaza kifundo lakini haziinyooshi ngumi inayotua imeinama.

Shabaha inayosogea ililetwa baadaye kuliko ilivyofaa. Mazoea ya kurudisha mkono nyuma yalipata muda wa kuota mizizi begini, ambako hakuna anayekwepa. Pedi zinazosogea na kupotea ghafla, zikiingizwa tangu pale nyonga ilipoanza kutangulia, zingelifichua kosa hilo likiwa bado changa.

Kuhusu raundi za mwisho, sioni kushindwa kwa mpango bali kazi isiyofanyika bado. Tabia mpya ilijengwa mwili ukiwa safi, na ilipaswa kujengwa hivyo. Kuihamishia kwenye uchovu ni hatua nyingine, kwa mapigo machache yenye ukaguzi wa video mwishoni mwa kipindi kigumu, na kusimama mara bega linapopanda.

Mkono wa mbele uliachwa nyuma kwa sababu malalamiko ya S. yalihusu ngumi nzito, na ngumi nzito hufikiriwa kuwa ya nyuma. Vipimo vya nguvu ya ngumi za mabondia vya Smith na wenzake vya mwaka 2000, nchini Uingereza, vinaonyesha kwamba pengo hilo liko hata kwa mahiri: wastani wa nyutoni (kizio cha nguvu) 4800 kwa mkono wa nyuma na 2847 kwa wa mbele, ilhali wanaoanza walikuwa na 2381 na 1604. Ukizitazama vizuri namba hizo, mkono wa mbele wa mahiri unaupita wa nyuma wa anayeanza. Nao ndio unaorushwa mara nyingi zaidi katika raundi, na ndio unaofungua njia. Kwa S. kazi inayofuata ni hiyo: mkanda uleule nyongani, mwenzake yuleyule nyuma amefumba macho, safari hii msukumo ukianzia mguu wa nyuma kwenda mbele, na nyonga ikiwa na nafasi ndogo zaidi ya kugeuka.